Meza ya Tatu

Mimi ni mtu wa kusema. Jambo likiwa haliko sawa nalisema papo hapo, na wa kununa anune. Ndiyo maana pale dukani kwetu, tunapochapa kadi za harusi na vijitabu vya mazishi, ugomvi wangu na Taratibu kuhusu ule mstari wa chini wa kompyuta ulikuwa umekaa mno mpaka wateja wa kudumu wakaujua. Na ndiyo maana siku Taratibu alipokubali ghafla, bila hata kuguna, ningetakiwa nishtuke. Sikushtuka, jamani. Nilifurahi kama mjinga, nikaenda kujimiminia chai.

Taratibu ni mwenzangu wa kazi. Jina hilo alipewa na mwenye duka, mama mmoja asiyepoteza maneno, kwa sababu ni mtu wa pole katika kila kitu, hata kupiga chafya. Yeye hushughulikia misiba na mimi harusi. Mgawanyo huo haukupangwa, ulijipanga wenyewe. Wafiwa wanataka mtu asiyewaharakisha. Wenye harusi wanataka mtu wa kuwaambia ukweli kwamba maua ya dhahabu juu ya karatasi ya dhahabu hayaonekani, na kwangu wamefika.

Kompyuta tulikuwa nayo moja. Ya pili ilikufa, na mama mwenye duka akawa kila siku anasema fundi yuko njiani. Basi tukawa tunapokezana kiti: mmoja kwenye skrini, mwingine kwenye mashine ya kukatia karatasi. Zamani kazi zote tulizifungulia pamoja, harusi na misiba, na ile programu yetu ina tabia ya kuyakunja madirisha yote na kuyaweka chini ya alama moja. Ukibofya unaletewa rundo, uchague mwenyewe. Siku moja nikachagua vibaya, nikanakili maneno kutoka dirisha la msiba. Nikachapa kadi ya mfano, bwana na bibi harusi wamekumbatiana meno nje, na chini yake maandishi, "Ametutoka ghafla, pengo lake halizibiki." Bwana harusi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mama mkwe wake mtarajiwa hakucheka.

Hapo ndipo mama mwenye duka alipotoa amri ya meza mbili. Kompyuta hizi zina uwezo huo: ndani ya skrini ileile unakuwa na meza zaidi ya moja, na pembeni kuna viboksi vidogo, ukibofya kimoja unahamia meza nyingine na kazi zake. Meza ya kwanza ikawa ya harusi, ya pili ya misiba. Vizuri. Lakini ule mstari wa chini, unaoorodhesha madirisha yaliyo wazi, ukabaki uleule mmoja kwa meza zote. Mteja wangu amesimama nyuma yangu anamchagulia bintiye utepe, macho yanashuka chini, anakuta "Marehemu Bibi" fulani anamtazama. Wapo walioondoka na hawakurudi.

Mimi nikasema kila meza ionyeshe madirisha yake tu. Taratibu akasema hapana. Yeye anataka kuona kila alichokifungua kwa mara moja, kama mpishi anayetupia jicho sufuria zote, kwa sababu dirisha likifichwa atalisahau, atalifungua tena upya, na kesho kutakuwa na faili mbili za marehemu mmoja. Nikamwambia anayetaka kuona sufuria za jiko lingine anyanyuke aende huko jikoni. Akasema mimi mbishi. Nikasema ndiyo, sasa je?

Kitu kimoja tu tulikubaliana, nacho ni kwamba dirisha lenye shida lionekane popote ulipo. Programu ikikwama, ikitaka kuuliza jambo, basi jina lake lijitokeze kwenye mstari na kumetameta, uwe meza yoyote. Mtu anayeita kwa shida humwulizi anatokea meza gani. Hilo lilikuwa limewekwa hivyo tangu mwanzo, na hakuna aliyeligusa.

Basi siku hiyo ya Jumatatu nimerudi kutoka hospitali, nimechoka, sina hata hamu ya kugombana, nakuta Taratibu ameketi ananisubiri. Akasema amefikiri, amenielewa, na ameshaubadilisha mstari. Sasa kila meza inaonyesha vyake tu. Nilimwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, akanyanyuka akaenda kukata karatasi.

Nilikuwa natoka hospitali kwa sababu ya baba. Baba yetu alikuwa fundi saa, na hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watu wazima kwa watoto walimwita Fundi Saa. Alikuwa na kisanduku chake cha kioo, koleo ndogo kuliko kope, na ile lenzi ya jichoni aliyosahau kuivua hata akija mezani kula. Mama alituacha mdogo wangu akiwa hajajua kufunga kamba za viatu. Baba ndiye aliyemlea, na kwa vidole vile vya kushika skrubu zisizoonekana akajifunza kumsuka nywele. Mistari yake ilinyooka kuliko ya wasusi. Mimi aliniozesha vizuri, lakini kwa huyu kitinda mimba alikuwa na kauli aliyoirudia kila mara: "Huyu nitamkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe."

Ndoa ya mdogo wangu ilikuwa imeshapangwa baba alipoanguka, akalazwa. Tukaisogeza. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyekuwa akiingia kwa daktari pamoja na wazee wengine. Sisi mabinti tulikuwa tunatumwa kununua maji ya kunywa. Kila akitoka alikuwa na neno lilelile, kwamba mgonjwa anaendelea, tuwe na subira, baba yenu atatoka hapa na harusi itafanyika. Mdogo wangu alikula kiapo kwamba hafungi ndoa bila baba. Mchumba wake, kijana mtulivu, akasema hata ikiwa mwakani atasubiri. Kwa hiyo tukasubiri.

Kusubiri mimi sikuwezi. Roho ilikuwa juu juu siku zote zile. Hospitalini nikikaa natamani kazini, kazini nikikaa natamani hospitalini. Nafungua kadi ya mteja, nabadilisha rangi, nairudisha, nahamia meza ya pili bila sababu, narudi ya kwanza, nanyanyuka, natazama mlangoni, nakaa. Simu ikilia kwa jirani nashika yangu. Mama mwenye duka akaniambia nisipokaa kitini ataniuzia kiti chenyewe nikakae nacho nyumbani. Taratibu alikuwa ananipisha tu, ananiletea chai bila kuombwa, na mimi nikaona amekuwa mtu mwema tangu nilipomshinda.

Kadi moja ndiyo iliyonituliza kidogo, ya mdogo wangu. Niliitengeneza kwa mikono yangu, kila herufi. Maneno yalikuwa tayari, majina yalikuwa tayari, na jina la baba pale juu, yeye ndiye anayewaalika watu. Palipobaki wazi ni tarehe na mahali. Nikiingia asubuhi naifungua, natazama lile pengo, naifunga.

Alhamisi mdogo wangu akanipigia. Alitaka ndani ya kadi kuwe na picha ya baba, ile anayocheka na lenzi jichoni. Picha hiyo ilikuwa kwenye kompyuta ya duka, kwa sababu niliwahi kumkuzia baba aitundike kwenye kibanda chake. Nikaitafuta, nikaikuta katika folda ya picha za wote, na kwa kuwa sipendi vitu vyangu vichangamane na vya watu nikaihamishia kwenye folda ya harusi ya mdogo wangu.

Mstari wa chini ukameta.

Nilikuwa meza ya kwanza, na katika mstari kulikuwa na dirisha langu moja tu, la kadi. Sasa pembeni yake kuna jingine, la rangi ya machungwa, linawaka na kuzima, linawaka na kuzima. Limeandikwa "Fundi Saa". Nilidhani ni langu, maana hata kadi niliihifadhi kwa jina hilo. Nilidhani labda nimeifungua kadi mara mbili, yale aliyokuwa anayaogopa Taratibu, na nikajisemea usiombe ajue. Nikabofya.

Skrini ikanitoa nilipokuwa na kunipeleka meza ambayo sikujua kama ipo. Kule pembeni, kwenye viboksi, niliona vitatu. Na mbele yangu kulikuwa na kijitabu cha mazishi. Katikati ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na mraba mtupu, na juu ya mraba ujumbe wa programu ukisema picha haipo tena ilipokuwa, ionyeshwe ilipohamia. Nilikuwa nimekinyang'anya kijitabu picha yake dakika hiyohiyo, ndiyo maana programu ikaita. Chini ya mraba, jina la baba, lile kamili asiloitwa na mtu. Amezaliwa, na tarehe. Amefariki, na pengo.

Nikashika simu kumpigia muuguzi wa wodi, nikabofya namba ya muuza rangi, nikakata, nikapiga tena. Muuguzi akasema Fundi Saa yupo, amekunywa uji kidogo, anauliza saa. Anauliza saa! Nikakaa chini. Nikaanza kulia na kucheka pamoja, kisha vyote viwili vikakoma na hasira ikaingia, hasira ambayo sijawahi kuiona hata mimi ninayejulikana nayo.

Taratibu alikuwa kwenye mashine ya kukatia. Aligeuka, akaiona skrini, akaiacha mashine. Nilimtolea uvivu, nilimwambia yote yanayosemeka na mengine yasiyosemeka, kwamba anamzika mtu anayekunywa uji, kwamba amekaa na mimi chumba kimoja ananimiminia chai huku amemlaza baba yangu nyuma ya pazia. Akanisubiri mpaka pumzi iniishe.

"Baba yako mkubwa alikuja Jumatatu," akasema. "Daktari amewaambia hakuna tena la kufanya. Ni siku tu, dada. Si wiki. Aliniomba nianze mapema, na akanisihi usijue."

Ndipo nilipoelewa kwa nini aliubadilisha mstari Jumatatu hiyohiyo.

"Kwa hiyo hukukubaliana na mimi," nikasema.

"Sijawahi kukubaliana na wewe," akasema Taratibu. "Sikupata pengine pa kumficha."

Nilimpigia baba mkubwa palepale. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumwamkia. Alianza kwa kunituliza, akaeleza kwamba wazee waliamua hivyo kwa ajili yetu, kwamba mdogo wako ana furaha yake mbele, mnataka mmvunje moyo kwa nini, kuna habari ambazo mwanamke akizipata mapema zinamlaza tu. Alisema kwa upole, na najua alikuwa na maumivu yake pia, ni mdogo wake anayekufa. Lakini nilikuwa nimeshikilia kipanya, na nilikuwa nahama, meza ya kwanza, meza ya tatu, meza ya kwanza, siwezi kuacha. Huku kadi ya harusi, jina la baba juu, tarehe wazi. Kule kijitabu, jina la baba katikati, tarehe wazi. Mapengo mawili yalikuwa yanamsubiri mtu mmoja, na wao walijua ni lipi litakalojazwa kwanza.

"Mmetuacha tumsubiri mtu ambaye mnajua haji," nikamwambia. "Yeye amesema atamkabidhi kwa mkono wake. Mkono anao leo. Wiki ijayo mtampa wapi mwingine?"

Nikasikia anapenga kamasi. Nikamwambia sisi tutakuwa wodini kesho asubuhi, na yeye akitaka aje na wazee wake, asipotaka abaki. Nikakata simu kabla sijapoa, maana ningepoa ningemwomba radhi.

Mdogo wangu nilimpigia nikiwa nimesimama. Hilo sitalisimulia lote. Alilia, akauliza nani mwingine alijua, akalia tena, kisha akauliza gauni lake lililoko kwa fundi cherehani limefika wapi. Limefika magotini, akaambiwa na fundi. Akasema litatosha. Mchumba wake aliambiwa akiwa kazini, juu ya ngazi, anapaka dari rangi, akateremka na rangi zake akaenda kumtafuta mfungishaji ndoa.

Harusi ya wodini haihitaji kadi. Watu waliokuwa wanakuja tungewahesabu kwa vidole. Hata hivyo nilirudi kitini, na safari hii nilikaa. Nikaipachika picha ya baba. Penye tarehe nikaandika ya kesho. Penye mahali nikaandika wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho, na saa nne asubuhi. Taratibu akaja, akachagua ile karatasi nene ambayo mama mwenye duka huifungia kabatini, akachapa kadi moja, akaikata mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nilimwona anafanya kazi haraka.

Baba alikuwa amekwisha sana. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na sauti ilikuwa inatoka kwa mafungu. Muuguzi alimwegemeza kwa mito, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akaomba naye ageuzwe aone. Nilimpa kadi. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, akajishika jichoni akitafuta lenzi ambayo haikuwepo. Alisoma yote. Kisha akatazama saa ya ukutani ya wodi, na akatazama kadi.

"Mmechelewa," akasema.

Tulikuwa tumechelewa, kweli, kwa sababu ya baba mkubwa. Alikuja na wazee wote, wamevaa vizuri, na hakuna aliyeweza kunitazama machoni. Baba hakuwauliza kitu. Sidhani kama alikuwa hajui. Akaushika mkono wa mdogo wangu, akaona kucha zimepakwa rangi mpya, akaupeleka taratibu mpaka kwenye mkono wa yule kijana, uliokuwa bado na madoa ya rangi ya dari, na akaubana pale kwa mikono yake yote miwili. Alibana kweli. Mdogo wangu ameniambia aliumia kidogo na hakutaka aache. Muuguzi alipiga picha kwa simu yangu.

Alitutoka Jumapili, mchana, akiwa amelala.

Jumatatu nikaenda dukani. Taratibu alisimama kunipisha, akasema ataimalizia yeye, nikapumzike. Nikamwambia aketi hapo pembeni. Nikaenda meza ya tatu. Mraba ulikuwa bado mtupu, bado unauliza picha yake imehamia wapi, na nikauonyesha nyingine: baba amebana mikono miwili ndani ya miwili yake, anacheka na mgonjwa wa jirani aliyesema jambo ambalo hakuna anayelikumbuka. Nikasahihisha mwaka wa kuzaliwa, baba mkubwa alikuwa ameukosea. Nikajaza tarehe. Nilidhani mkono utagoma. Haukugoma.

Kijitabu kikachapwa, watu wakakisoma, tukamzika baba yetu. Niliporudi kazini dirisha lake lilikuwa bado wazi, na hakuna aliyelifunga. Mteja alikuwa ameshafika, mama mmoja na bintiye, wanataka kadi za rangi ya maziwa. Taratibu akanisogelea, akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini mstari auwekeje, aubakize kila meza na vyake au nimebadili mawazo.

"Weka yote yaonekane," nikamwambia.

"Na wateja?"

"Watazoea."

Akaubadilisha. Madirisha yakajipanga pale chini, ya harusi na ya misiba, na la baba lilikuwa katikati yao. Yule mama akayasoma moja baada ya jingine, kama nilivyojua atafanya, akauliza huyo Fundi Saa naye ni wa harusi au ni wa msiba. Nikamwambia ni baba yangu, na nikamwomba avute kiti tuchague karatasi.